Bahari ya Azov Ikitazamwa Kutoka Goma

(Mhadhara kwa wanafunzi wa utalii, Goma)

Hamjambo wanafunzi, na shikamooni wazee wetu mliokubali kukaa huko nyuma kwenye viti vya plastiki. Nimeombwa nizungumzie utalii wa pwani. Najua mlitarajia Mombasa au Zanzibar. Mimi nimechagua Bahari ya Azov, kaskazini mwa Bahari Nyeusi, baina ya Ukraine na Urusi. Sababu nitaitoa kwa namba, mapema, kabla joto la ukumbi huu halijawalaza.

Azov ina eneo la kilomita za mraba 39,000 hivi. Ziwa letu la Kivu lina kama 2,700. Kwa hiyo maziwa kumi na manne kama Kivu yangeenea humo na nafasi ikabaki. Sasa pimeni maji yenyewe: Azov ina takriban kilomita za ujazo 290, Kivu lina kama 500. Ziwa letu dogo limeizidi bahari nzima kwa maji! Azov, mahali pake penye kina kuliko pote, haizidi mita 14 au 15, na wastani wake ni 7. Kivu linashuka hadi mita 485. Ile ni sinia, hili ni mtungi. Yote nitakayosema leo, kuanzia samaki hadi bei ya chumba cha wageni, yanatoka hapo.

Zamani za barafu kuu, sehemu kubwa ya Azov ilikuwa nchi kavu, na mto Don ulipita humo. Barafu ilipoyeyuka, bahari zikapanda, maji yakafunika bonde. Leo Don inaingilia kaskazini mashariki, Kuban kusini mashariki, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mlango-bahari wa Kerch, unaopelekea Bahari Nyeusi. Mito hiyo inaleta maji mengi yasiyo na chumvi, ndiyo maana chumvi ya Azov haifiki hata nusu ya ile ya bahari kuu. Wakati wa Wasovieti walijenga bwawa kubwa la Tsimlyansk kwenye Don, likamalizika 1952. Maji ya mto yakapungua, chumvi ikapanda, na samaki waliozoea maji ya mito wakaanza kuhangaika.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho kingenifanya nikate tiketi leo hii: ndimi za mchanga. Pwani ya Azov, hasa ya kaskazini, imetoa ndimi ndefu nyembamba zinazoingia baharini, kwa sababu upepo na mikondo husukuma mchanga kandokando ya ufuo mpaka unapopata pa kutua. Ulimi mrefu kuliko yote ni wa Arabat, ulio magharibi. Una urefu wa kilomita kama 112, na penye wembamba zaidi haufiki hata mita 300. Hapo mtu husimama, Azov ikiwa mkono huu na vidimbwi vya Sivash mkono ule, akatembea dakika chache tu kutoka maji hadi maji. Na ukiuita mchanga unakosea kidogo. Chota gao moja ulitazame karibu: sehemu kubwa ni kombe zilizosagika, vipande vyeupe na vya rangi ya kahawia vyenye mistari, vingine vizima, vidogo kama ukucha wa kidole kidogo. Ufuo umetengenezwa na wanyama waliokufa. Sisi wetu umetengenezwa na makoro, yaani mawe ya lava ya volkano, ndiyo maana miguu ya watoto wa mtaa wa Himbi ni migumu vile.

Sivash ni mtandao wa vidimbwi vya chumvi nyuma ya ulimi huo. Kina chake ni mita moja hivi, kwingi hata haifiki. Jua la kiangazi huyakausha maji yakawa mazito ya chumvi, kisha humo hustawi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, unaojikinga na jua kwa kutengeneza rangi ileile iliyo kwenye karoti. Kidimbwi kizima kinageuka waridi. Watu wamechuma chumvi hapo kwa karne nyingi. Kwa picha ni pazuri mno. Kwa pua, siku ya joto, ni habari nyingine, na msema kweli wa utalii humwambia mgeni mapema. Ndege wa majini nao hutua hapo kwa makundi makubwa wakiwa safarini baina ya kaskazini na Afrika. Mwaka 1993 Ukraine ilianzisha hifadhi ya taifa ya Azov na Sivash, ikiwa na kisiwa-rasi cha Biruchy wanakozurura paa na punda-mwitu wa Asia.

Nirudi kwenye kina. Bahari yenye kina kifupi inapata joto haraka. Julai maji hufika nyuzi 25 na zaidi, na mtoto wa miaka mitano anatembea mbali kutoka ufuoni maji yakiwa bado kiunoni mwake. Kwa hiyo wateja wa Azov tangu zamani ni familia, bibi na wajukuu, wafanyakazi wa viwandani waliopewa likizo. Miji kama Berdyansk na Yeysk ilikua na nyumba za mapumziko na za tiba, ambako mgonjwa wa viungo anapakwa matope ya chumvi kisha analazwa. Si utalii wa matajiri. Binafsi nauheshimu kuliko ule wa hoteli za kioo, kwa sababu pesa yake inaingia kwa mama anayekodisha vyumba viwili na kuuza samaki wakavu mlangoni. Majira ya baridi biashara inakufa kabisa: maji yenye chumvi kidogo na kina kidogo yanaganda, na watu wanavua kwa kutoboa barafu.

Kina hichohicho kina ubaya wake. Upepo mkali ukivuma upande mmoja, maji ya sinia yanahamia upande wa pili. Katika Ghuba ya Taganrog bahari inaweza kurudi nyuma mpaka mashua zikakaa kwenye tope, au ikapanda na kuingia mitaani. Oktoba 1969 dhoruba iliyasukuma maji hadi pwani ya Temryuk na kuua watu wengi. Kwetu hatari iko kinyume. Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama abiria wakiwa tayari wanaiona bandari ya Kituku hapa Goma, na wengi hawakufika. Ziwa letu halina sehemu ya kujaribu miguu. Hatua chache kutoka kwenye jiwe, chini hakuna.

Samaki. Upepo unaichanganya Azov toka juu hadi chini, jua linafika mbali ndani, mito inaleta rutuba. Kwa eneo lake ilihesabiwa miongoni mwa bahari zilizotoa samaki wengi zaidi duniani: wale wakubwa wa mayai meusi ya kaviari, dagaa, na samaki mdogo mwenye kichwa kikubwa aitwaye bichok. Huyo aliwashibisha watu katika miaka ya njaa hadi Berdyansk wakamjengea sanamu. Nani hapa amewahi kufikiria kumjengea sanamu sambaza, dagaa wetu wa Kivu? Mnacheka, lakini sambaza naye ni mgeni, aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akakuta sehemu ya juu ya ziwa haina mpinzani wake. Azov mgeni wake alikuwa mbaya: mnyama laini kama jeli kutoka pwani za Marekani, aliyesafiri ndani ya maji yanayobebwa tumboni mwa meli, akala chakula cha dagaa mwishoni mwa miaka ya 1980. Uvuvi ukaporomoka.

Kivu halichanganyiki hivyo. Chini ya mita 60 au 70 maji yamekaa bila oksijeni, yakibeba methani na kaboni dioksidi. Wenzetu wa Rwanda wanaivuta methani hiyo kuzalisha umeme huko Karongi tangu 2016. Azov nayo ina gesi yake: rasi ya Taman imejaa volkano za matope, vilima vinavyotoa tope baridi na mapovu ya methani. Wageni wanalipa wajitumbukize humo na kucheka. Mkazi wa Goma aliyekimbia Nyiragongo Mei 2021 anashangaa kidogo kuona watu wakiogelea ndani ya volkano.

Nisifiche: leo huwezi kumpeleka mgeni Arabat. Tangu 2022 pwani yote ya Azov iko mikononi mwa jeshi la Urusi, ikiwemo ile ya kaskazini ambayo kisheria ni ya Ukraine. Mji wa Mariupol ulibomolewa. Hapa sina haja ya kueleza vita inavyofanya kwa mwenye hoteli. Wengi wenu mmezaliwa na wenye hoteli.

Kwa nini basi nimewasumbua na bahari ya mbali? Kwa sababu kila mwaka nasoma miradi yenu, na kila mwaka ina mwavuli, mchanga mweupe na mtoto anayecheza majini. Hiyo ni Azov. Goma hatuna mchanga huo wala kina hicho, na sehemu kubwa ya ufuo imezungushiwa ukuta wa parseli za watu. Tuna maji yanayozama ghafla, hayana mamba wala kiboko, yenye kisiwa cha Tchegera kilicho mdomo wa volkano, na wavuvi wa usiku wenye mitumbwi iliyofungwa mitatu mitatu na taa zao. Mgeni wa maji ya hivyo anahitaji boti imara, jaketi la kuokolea na nahodha anayekataa kupakia kupita kiasi. Andikeni mradi wa maji mliyonayo.

Kazi ya wiki: makundi ya watu watano, sehemu tatu za ufuo, Keshero, Himbi na Kituku. Kamba yenye fundo kila mita, jiwe mwishoni. Mnapima kutoka juu ya boti, si kwa kuingia majini, na kila mtu awe amevaa jaketi. Nataka kina cha maji kwenye umbali wa mita 5, 10 na 20 kutoka ukingoni. Karatasi zinaletwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Haya, maswali.