Gari Linapochemsha Likiwa Limesimama: Mhadhara kwa Mafundi na Madereva wa Tabora

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi.

Leo nitazungumzia aina moja tu ya kuchemsha, maana ndiyo inayowamaliza watu fedha bure hapa mjini. Gari limetoka Nzega vizuri, mshale wa joto umetulia chini ya nusu. Linafika stendi, dereva anasubiri abiria, injini inaunguruma sailensi, yaani bila kukanyagwa mafuta. Mshale unaanza kupanda. Akiondoka, kilomita mbili mbele, umeshuka tena.

Dereva akikueleza hivyo, amekwisha kukutajia ugonjwa. Gari likiwa mwendoni, upepo unaingia wenyewe kwenye rejeta, kile kipoza maji ya injini kilicho mbele. Likisimama, anayeleta hewa ni feni peke yake. Gasketi ya hedi, yaani kizibo kilicho chini ya kichwa cha injini, iliyoungua au rejeta iliyoziba ndani kwa kawaida hulalamika zaidi gari likiwa na mzigo au likipanda mlima. Kwa hiyo anza na upepo. Spana ya hedi iache kwenye boksi.

Nasema kwa uchungu, kwa sababu nimeshiriki kosa hili. Nilipokuwa bado najifunza kazi, tulifungua hedi la gari la mwalimu mmoja. Tukaweka gasketi mpya, tukapeleka hedi kuchongwa, mwalimu akalipa karibu mshahara wake wote. Siku ya tatu akarudi: gari linachemsha vilevile. Kumbe kabla ya kuja kwetu alikuwa amefungiwa mota ya feni iliyotumika, na nyaya zake mbili zikageuzwa. Feni ilizunguka kwa nguvu, lakini kinyume. Badala ya kuvuta hewa kupitia rejeta, ilikuwa inaisukuma kuelekea mbele. Sote tuliitazama tukasema nzima. Sijasahau uso wa yule mwalimu.

Tangu siku hiyo feni siipimi kwa macho. Nachukua karatasi ya daftari, naiweka mbele ya rejeta, au mbele ya kondensa, kile kipoza gesi ya AC kilicho mbele ya rejeta, kama gari lina AC. Feni ikivuta sawasawa, karatasi inanata pale. Ikisukumwa nje, nyaya zimegeuzwa. Ikidondoka, basi ama mota imechoka, ama hewa haina njia.

Njia ya hewa hapa kwetu ni jambo zito. Magari yanayoingia vijijini kufuata tumbaku na asali yanapita kwenye nyasi ndefu, na mbegu za nyasi, vumbi na wadudu vinakwenda kujibana kati ya kondensa na rejeta. Ukichungulia kwa mbele unaona kusafi kabisa. Legeza rejeta, ivute nyuma kidogo, utakuta kitu kama blanketi. Osha kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa maji ya mpira wa kawaida, kwa sababu mashine ya presha inalaza yale mapezi membamba na kuziba kabisa ulichotaka kuzibua. Pia angalia kama lile kava la plastiki linalozunguka feni lipo. Gari likigongwa mbele, mara nyingi kava halirudishwi, na feni inabaki kuzungusha hewa ile ile ya moto.

Feni isipowaka kabisa, washa AC. Kwenye magari mengi feni inapaswa kuitika muda mfupi tu baadaye. Ikiwaka kwa AC lakini haiwaki kwa joto, mota ni nzima. Tafuta tatizo kwenye sensa ya joto au waya wake. Isipowaka kwa vyote viwili, angalia fyuzi na relei (swichi ya umeme ya feni), kisha chomoa soketi ya mota uipe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikisuasua, kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota zimekwisha.

Magari ya feni ya klachi, ile inayozungushwa na injini yenyewe badala ya mota, hasa ya dizeli, yana kipimo chake. Zima injini ikiwa ya moto, ngoja feni isimame, kisha izungushe kwa mkono. Inatakiwa iwe nzito kidogo. Ikizunguka mara nyingi kama pia, mafuta ya silikoni ndani ya klachi yamevuja.

Sasa themostati, ile vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto. Naomba tuache tabia ya kuitoa na kuitupa. Injini ya petroli inataka kufanya kazi kwenye joto la nyuzi 80 na kitu hadi 90 na kitu. Ukiitoa, injini haifiki huko upesi, mafuta yanaliwa zaidi. Na baadhi ya injini za Toyota zina themostati inayoziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi kuliko mwanzo.

Kuhusu kifuniko cha rejeta, Tabora iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huu maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na feni nyingi za umeme zinasubiri nyuzi 90 na kitu ndipo ziwake. Nafasi iliyobaki ni ndogo mno. Kifuniko kizima chenye alama ya presha ya 0.9 kinabana presha na kuongeza kama nyuzi 20 juu ya hapo. Mpira wake ukipasuka, umepoteza nyuzi hizo zote. Kibadilisheni mapema, na wekeni kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, badala ya maji ya kisima, ambayo chumvi yake inajenga ukoko ndani. Lakini msikifungue injini ikiwa ya moto. Maji yale yanaruka usoni kabla hujavuta mkono.

Sasa tutoke. Pale chini ya mwembe kuna gari limewashwa tangu nilipoanza kuzungumza, na mshale wake nimeambiwa umepita nusu. Kijana wa mbele, njoo na karatasi.