Rosy wa Trivandrum

Assalam aleykum ndugu zangu wa Unguja, Pemba na kokote mnakonitazama. Niko Muscat, na leo nataka tuzungumze sinema za Kimalayalam, lugha ya jimbo la Kerala, kusini mwa India. Hapa Ghuba Wamalayali ni wengi mno, na filamu mpya ya Kerala ikitoka, huku nako inaonyeshwa. Watu wanazisifu kwa visa vyake vya maisha ya kweli, nami nazipenda sana. Ila habari ya zilivyoanza ni chungu, na naona lazima isemwe.

Miaka ya 1920, katika ufalme wa Travancore, ambao sehemu yake kubwa leo ni Kerala, kulikuwa na kijana akiitwa J. C. Daniel. Alikwenda Madras kujifunza kazi ya sinema, studio zikamfungia milango. Akafika Bombay, akajidai ni mwalimu anayetaka kuwasomesha wanafunzi wake mambo ya filamu, ndipo wakamwachia aingie. Akauza mashamba yake, akanunua kamera, akafungua studio Trivandrum, mji mkuu wa Travancore. Filamu yake, Vigathakumaran, ya kwanza kabisa ya Kimalayalam, ilikuwa ya kimya, kisa cha mtoto aliyepotea. Aliiandika, akaiongoza, na akaigiza humo yeye mwenyewe.

Kwa nafasi ya mwanamke alimchukua P. K. Rosy, mkata majani, Mdalit, katika jamii iliyohesabu watu wake kuwa hawafai hata kuguswa. Humo ndani akawa Sarojini, bibi wa Nair, tabaka la juu. Hebu fikirini ujasiri wa binti yule!

Siku ya kwanza ya kuonyeshwa, ukumbi wa Capitol, Rosy hakuruhusiwa kukaa na watazamaji kuitazama kazi yake. Wanaume wa matabaka ya juu hawakustahamili kumwona Mdalit akicheza bibi wa Kinair. Walirusha mawe mpaka pazia likachanika. Kisha wakamwandama yeye. Nyumba ya kina Rosy ikachomwa moto, akakimbia kwa lori hadi nchi ya Watamil, akaolewa na dereva wa lori, akaishi huko bila kurudi tena kwenye sinema. Mwanamke wa kwanza kuigiza katika filamu ya Kimalayalam! Hili linaniuma kweli.

Daniel naye alifilisika. Aliishia kuwa daktari wa meno, akafa mwaka 1975 akiwa fukara. Serikali ya Kerala ilimnyima posho ya wasanii wazee kwa kuwa kijiji chake, Agastheeswaram, kimeangukia Tamil Nadu, jimbo jirani la Watamil. Mwandishi wa habari Chelangatt Gopalakrishnan ndiye aliyempigania kwa miaka, na tangu 1992 tuzo kubwa ya sinema ya Kerala ina jina la Daniel. Rosy alingoja zaidi: mwaka 2019 wanawake wa tasnia hiyo waliunda chama cha filamu chenye jina lake.

Vigathakumaran imepotea, hakuna nakala. Filamu ya pili ya Kimalayalam, Marthanda Varma ya 1933, ilitokana na riwaya, ikazuiwa kwa kesi ya haki za riwaya hiyo, nakala ikabaki kwa mchapishaji wa kitabu, na ndiyo iliyosalimika. Hiyo nitaieleza video ijayo, inshallah.