Sura ya Mwenzako Ofisini: Mwanga, Rangi na Pozi

Wazee wangu, shikamooni. Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wengine wote habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze na ninyi mliotwishwa kazi ya kupiga picha za wenzenu: za ubao wa mapokezi, za kitambulisho, za tovuti ya ofisi. Wengi wenu hamkusomea upigaji picha. Mlichaguliwa kwa sababu simu zenu zinatoa picha kali kuliko za wengine. Tutaanzia hapo hapo.

Malalamiko mnayoyapata nayajua. "Umenitoa mweusi tii, macho hayaonekani." Au: "Huyu siye mimi, umenipaka poda." Yote mawili chanzo chake kimoja. Kamera hukusanya mwanga wote uliomo kwenye fremu, huutafutia wastani, kisha hutaka wastani huo uwe kijivu cha kati, kile kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Msimamishe mtu mweusi amevaa shati jeupe mbele ya ukuta mweupe: kamera inaona weupe umezidi, inapunguza, ukuta unakuwa kijivu na uso unazama. Mpige huyo huyo kwa karibu kwenye koridori lenye giza: inaongeza, na uso unapauka. Simu za sasa hujitahidi kuutambua uso, ila dirisha likiwa mgongoni mwa mtu bado zinababaika. Kwa hiyo gusa uso kwenye kioo cha simu, shikilia mpaka ijifunge, kisha telezesha kile kijua juu au chini huku ukitazama paji na mashavu. Shati likipoteza mikunjo kidogo, hakuna atakayelia.

Na tusiilaumu simu peke yake. Kwa miaka mingi maabara za filamu zilipima rangi kwa kadi za Kodak, kampuni ya filamu, zenye picha ya mwanamke Mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Waliofanya kazi Kodak wameeleza kwamba msukumo mkubwa wa kuboresha rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika bidhaa zao hazitoki vizuri. Chokoleti ilisikilizwa kabla yetu! Mwaka 2021 Google walitoa simu ya Pixel 6 na mpango waliouita Real Tone, uliolenga ngozi kama zetu. Mambo yanasogea, lakini simu nyingi ninazoziona humu ukumbini si hizo.

Sasa mwanga wetu wa Kigoma. Tuko kama digrii 5 kusini mwa ikweta, hivyo saa sita mchana jua halichezi mbali na utosi. Macho yanakuwa mashimo na pua inang'aa. Usimtoe mtu nje saa hiyo. Jioni, jua likielekea Kongo ng'ambo ya ziwa, mwanga ni mtamu kwa maharusi, ila mhasibu wako atatoka rangi ya chungwa. Mimi napenda varanda. Mtu asimame kivulini, ukingoni kabisa, uso ukitazama anga. Majengo ya zamani ya mji huu, yale ya tangu reli ilipofika mwaka 1914, hayana shida ya varanda.

Angalia na anachokanyaga. Udongo wetu mwekundu unarusha wekundu chini ya kidevu. Ukuta wa ofisi uliopakwa rangi ya mafuta ya kijani unarusha ukijani shavuni. Turubai la bluu ndilo baya kuliko yote. Hatua mbili pembeni zinakuokoa na kazi ya kuchosha baadaye.

Ndani ya ofisi, zima taa. Nasema kweli. Kwa Kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, ule wa dirishani ni kama 5500 au zaidi, balbu ya njano ni kama 2700. Zikikutana usoni, shavu moja linakuwa la bluu na jingine la njano, na waiti balansi, ule mpangilio wa kufanya cheupe kionekane cheupe, haiwezi kuyapatanisha. Flashi pia zima. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao: dirisha pana huutandaza shavuni taratibu, wakati flashi ya simu, kwa udogo wake, huuacha doa la mafuta kwenye paji. Tishu ya kufutia jasho iwe mfukoni.

Dada kule nyuma anauliza: je, wakiwa wawili, mmoja mweusi sana na mwingine maji ya kunde? Mweusi akae upande wa dirisha, maji ya kunde akae ndani kidogo. Mwanga hupungua kadiri unavyoliacha dirisha, kwa hiyo unawasawazisha bila kumgusa yeyote kwenye kompyuta.

Na tukifika kwenye kompyuta, sikilizeni hapa. Ngozi za watu wote, kutoka Ujiji hadi Ulaya, ziko karibu sana kwenye eneo moja la rangi, rangi ya chungwa. Kinachotofautiana zaidi ni wingi wa giza. Ndiyo maana programu za kuhariri zina kitelezi cha chungwa na kinagusa uso. Ukipunguza ukolezi wake kupita kiasi, mtu anakuwa na majivu. Ukipandisha weupe wake, umempaka mkorogo wa kompyuta, na huo haukaguliwi na mtu. Mimi hufanya hivi: nasahihisha waiti balansi kwa kitu cheupe kilichomo pichani, nainua vivuli kidogo mpaka macho yafunguke, basi. Kisha namwita mwenye picha asimame kando ya kioo cha kompyuta. Wakifanana, nimemaliza. Akiomba mwenyewe nimng'arishe? Namkatalia kwa adabu, maana asubuhi mlinzi atalinganisha sura na kitambulisho.

Pozi nitalipitia haraka, kwa sababu tutalifanya kwa vitendo. Simu zetu nyingi lenzi kuu ni pana, kama milimita 24 hadi 28, na ukimkaribia mtu pua inavimba. Rudi nyuma kama mita mbili, tumia zumu ya mara mbili, kamera iwe usawa wa macho. Mwili ugeuke kidogo kuelekea dirishani, uzito kwenye mguu wa nyuma. Mikono ipe kazi: faili kwa karani, spana kwa fundi wa karakana. Mzee mpe shikamoo kwanza, muulize habari za nyumbani, na usimlazimishe kucheka. Utulivu wake ndio sura yake. Mtandio wa mama ukikaa vibaya usiunyooshee mkono, mwambie, au mwombe mwenzake ausawazishe.

Tuhamie dirishani. Kaka mwenye shati la bluu, njoo wewe kwanza. Toa simu na funguo mfukoni, vinavuta suruali.