Kanuni Iliyokuwa Mdomoni Mwangu

Habari za jioni, ndugu zangu. Asanteni kwa kuja na mvua hii. Waliotoka Rongai najua foleni ya leo ilivyokuwa, kwa hiyo sitawapotezea muda kueleza mchezo wa kuigiza wa mezani ni nini: watu wamekaa pamoja, kila mmoja anamsemea mhusika wake, na dadu zinaamua yasiyo na hakika. Mna dadu mifukoni, mnajua.

Nimekuja na neno lile lile ambalo wengine wenu mmelisikia kwangu mpaka mmelikariri: mchezo ulioutunga uweke mtandaoni, ubishaniwe na watu wasiokujua. Sikusema usifiwe. Ubishaniwe.

Miaka michache iliyopita niliandika mchezo wa matatu ya usiku. Mmoja ni dereva, mmoja makanga, wengine ni abiria wenye siri zao, na msimulizi anabeba kila kilichobaki barabarani: askari, mvua, mzee aliyesahau nauli. Tuliucheza mtaani Umoja, Nairobi, sebuleni kwa dada yangu, kila Ijumaa kwa miezi minane. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nikasema basi, umeiva. Nikauweka mtandaoni, kurasa kumi na mbili za Kiswahili.

Wiki ya pili kijana mmoja wa Mwanza akaniandikia kwamba wameucheza jioni tatu, na mara zote tatu gari limefia kwenye kizuizi cha polisi. Hilo ndilo neno alilotumia, limefia. Lilinichoma. Nikamjibu kwamba kundi lake halijui kuigiza. Akajibu. Nikajibu. Tukaendelea hivyo siku nne, watu wengine wakaingia, huyu upande wangu, yule upande wake. Siku ya nne akafanya jambo ninalomshukuru mpaka leo. Aliacha kunieleza maoni yake, akanakili sentensi yangu mwenyewe neno kwa neno: «Tupa dadu mbili. Ukipata 8 au zaidi, gari linapita. Usipofika 8, halipiti.» Chini yake akaweka hesabu. Dadu mbili zinaweza kuanguka kwa namna 36. Zinazofika 8 au zaidi ni 15. Zilizobaki, 21, gari limesimama. Kisha akauliza: «Kwenye hizo 21, dada, mchezo unatuambia tufanye nini?»

Nilifungua kurasa zote kumi na mbili. Haukuambia mtu kitu.

Sasa sisi Umoja tulikuwa tunavukaje? Ijumaa iliyofuata nikakaa mezani kazi yangu ikiwa ni kujisikiliza. Makanga akatupa, akapata 5. Na mimi, dadu ya pili ikiwa ndiyo kwanza imetulia karibu na kikombe cha chai, nilikuwa nimeshaanza kusema: «Askari anamulika tochi ndani. Mama wa kiti cha nyuma anaanza kulia.» Sebule nzima ikageuka. Kwa nini analia? Amebeba nini? Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni halisi ya mchezo wangu: asiyefika 8 anapewa tatizo jipya, na tatizo hilo lina uso wa mtu. Kwa miezi minane ilikaa mdomoni mwangu, kwenye karatasi haikuwepo. Na mdomo wangu haufiki Mwanza.

Kuna waliopita njia hii kabla yangu. Vincent Baker na Meguey Baker wa Marekani walipotoa mchezo wao wa Apocalypse World mwaka 2010, dadu zile zile mbili walizigawa mara tatu. Ukipata 10 au zaidi, umefanikiwa. Ukipata 7 hadi 9, mara nyingi unapata ulichotaka lakini unakilipia. Ukipata 6 au chini yake, zamu ni ya mwendesha mchezo kuleta jambo. Pigeni hesabu ya zile namna 36: 6, 15, 15. Hakuna mwanguko hata mmoja wa dadu unaoacha meza imekaa kimya. Na mgawanyo huo haukumjia mtu usingizini. Vincent alikuwa mmoja wa watu waliobishana kwa maandishi miaka kadhaa juu ya swali moja: nani ana haki ya kusema nini mezani, na lini.

Najua mtu pale nyuma anasema moyoni, acheni maneno, chezeni. Nimelisikia hilo mara nyingi na linanichosha. Tulicheza miezi minane! Kucheza ndiko kulikoficha shimo, kwa sababu marafiki wanakupenda. Wakiliona shimo wanaliziba kabla hujalifikia. Mtunzi ni shahidi mbaya wa meza yake mwenyewe, na si kwa kujisifu tu. Mwaka 1969, kule Minneapolis, David Wesely aliendesha mchezo wa vita ambamo kila mchezaji alipewa mtu wake mmoja katika mji wa kubuni. Wachezaji wakatawanyika, wakaanza kunong'onezana na kupanga njama, naye akaamini jioni imeharibika. Wenyewe ndio waliomrudia wakitaka tena. Mmoja wao alikuwa Dave Arneson, ambaye mwaka 1974 alitoa mchezo wa kuigiza wa Dungeons & Dragons pamoja na Gary Gygax. Wachezaji wangenyamaza kwa adabu, je?

Mwingine atasema mambo ya kubishania kanuni ni ya wageni. Ya wageni? Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana na washairi wa Lamu beti kwa beti. Katika miaka ya 1970 wasomi na washairi wetu walikabana hadharani: shairi lisilo na vina na mizani ni shairi, au si shairi? Yale yalikuwa mabishano juu ya kanuni tupu, na mpaka leo mwanafunzi akishika kalamu anajua anachagua upande gani na kwa nini. Na nani kati yenu amewahi kukaa kando ya bao, akaona mtu anataka kuichezea nyumba isivyo, akanyamaza?

Matusi? Yapo. Anayetukana mtoeni. Lakini aliyenakili sentensi yako akaiwekea hesabu hajakutukana, hata kama imekuuma kama ilivyoniuma mimi.

Naoneshwa saa. Nilitaka kusema mengi juu ya majina, nitasema moja. Kanuni za mwaka 1974, zile za Arneson na Gygax, zilimwita mwendesha mchezo mwamuzi, kama wa mpira. Mimi nilimwita msimulizi, na neno hilo lilimtwika mtu mmoja maneno yote ya meza, angalieni lilikonipeleka. Wale wa Mwanza sasa wanamwita mwenye barabara, na zamu hiyo inazunguka kila kituo. Kule Umoja tumejaribu. Mama wa kiti cha nyuma sasa anajisemea mwenyewe.



Pale mlangoni kuna nakala ishirini za toleo jipya. Kizuizi cha polisi kiko ukurasa wa tatu. Ukurasa wa saba una kanuni ya deni la mafuta ambayo bado siiamini. Chukueni, mkacheze mimi nisiwepo, kisha mniandikie gari limefia wapi.