Elektroni kwenye Ubao wa Bao

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja na mvua hii. Hapa mjini ukisema "kondakta" watu wanamfikiria yule anayening'inia mlangoni mwa daladala, kwa hiyo leo, tunapozungumzia jinsi kompyuta inavyokokotoa upitishaji wa umeme, kitu kinachopitisha umeme nitakiita kipitishi, na kinyume chake kihami.

Nianze na unga wa kijani, nikeli oksidi. Nadharia ya bendi, inayozipanga elektroni kwenye mafungu ya nishati yaitwayo bendi, iliyotamba miaka ya 1930, ilidai kwamba elektroni za nikeli hazijaijaza bendi yao, zina nafasi ya kutembea, kwa hiyo unga huu upitishe umeme kama metali. Wapi! Mwaka 1937 Waholanzi wawili, de Boer na Verwey, waliliweka tatizo hilo mezani, na wanafizikia Mott na Peierls wakaona jibu liko wapi: elektroni zinasukumana, na nadharia ilikuwa imeupuuza msukumano huo.

Mwaka 1963 mwanafizikia John Hubbard aliuandika ugomvi huo kwa herufi mbili, t na U. Chukueni ubao wa bao. Kila shimo ni atomu. Kete ni za rangi mbili, maana spini ya elektroni, yaani usumaku wake mdogo, ni ya juu au ya chini. Kete mbili za rangi moja hazikai shimo moja kamwe. Za rangi tofauti ruksa, ila kuna faini, nayo ndiyo U. Wepesi wa kete kuhamia shimo la jirani ndio t. Sasa weka kete moja kila shimo, kisha pandisha faini. Mchezo unaganda. Kila anayetaka kuhama anakuta kwa jirani kuna mtu.

Tuhesabu. Upande wa mchezaji mmoja una mashimo 16. Kete nane nyekundu hupangika humo kwa njia 12,870, na nyeusi nane vivyo hivyo. Zidisha: mipangilio 165,636,900. Kompyuta haina ruhusa ya kuchagua mmoja, kwa sababu hali ya elektroni hizo ni mchanganyiko wa yote, na kila mpangilio unadai namba yake. Hapo ni gigabaiti 1.3 hivi, laptopu inabeba. Ongeza upande wa mpinzani, yafike mashimo 32, na kumbukumbu inayotakiwa ni takriban terabaiti milioni tatu. Ubao uleule wanaochezea wazee barazani!

Ndiyo maana tunatumia njia aliyoitoa Lanczos mwaka 1950: hatuiandiki matriksi nzima, yaani jedwali la namba linalobeba kanuni za mchezo, bali tunaizidisha na vekta moja, safu moja ya namba, tena na tena mpaka itoe siri zake. Upitishaji wenyewe tunaupata kwa fomula ya Kubo ya 1957, inayousoma kutokana na jinsi mkondo unavyotetema wenyewe kabla hata hujaunganisha betri.

Na hapa ndipo panapouma. Mfumo mdogo una nishati za kuhesabika, kwa hiyo grafu ya upitishaji haileti mstari laini bali miiba iliyosimama mbalimbali. Ili ifanane na ya maabara, kila mwiba tunaunenepesha kwa mkono. Mara yangu ya kwanza niliinenepesha mno. Pengo la nishati, lile eneo lisilo na miiba linalokifanya kihami kiwe kihami, likafunikwa, na kihami changu kikaanza "kupitisha" umeme. Nilitamba siku mbili. Ya tatu nikapunguza upana nusu, na upitishaji nao ukashuka nusu. Nilikuwa nimepima kalamu yangu. Tangu hapo grafu ya mtu isiyotaja upana wa miiba siijadili.

Wapo wanaotumia Monte Karlo, njia ya kuokota mipangilio michache kwa bahati nasibu, inayomudu mashimo mengi zaidi. Hao nao wana adui wao: alama za kujumlisha na kutoa zinafutana hadi jibu linazama kwenye kelele, hasa ukipunguza joto.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliamua asili icheze bao lake. Walinasa atomu za lithiamu zilizopoozwa kwenye mashimo yaliyofumwa kwa leza. Atomu hizo hazina chaji, hakuna umeme uliopita pale. Walitazama tu msongamano wake ukisambaa, na kutokana na mwendo huo wakakokotoa ukinzani. Ulipanda sambamba na joto, mstari ulionyooka, bila dalili ya kufika kikomo. Kisha wakauweka kando ya hesabu za kompyuta, zikiwemo za Lanczos. Nina grafu hiyo kwenye slaidi inayofuata, kama projekta haijazima.