Paka Anayetoka Nje: Avishwe Kola au Aachwe Shingo Wazi?

Waheshimiwa wageni, mabibi na mabwana, assalamu alaykum.

Swali nililopewa jioni hii ni kama paka anayetoka na kuingia nyumbani apendavyo avishwe kola shingoni au aachwe kama alivyozaliwa. Nitalijibu mapema ili nisiwaweke roho juu: avishwe, lakini kwa sharti kwamba kola yenyewe iwe ya aina inayofunguka paka anapokwama. Kola isiyofunguka, hata ikiwa ya ngozi nzuri na imenunuliwa kwa bei kubwa, ni afadhali isivaliwe kabisa. Sehemu kubwa ya maelezo yangu itahusu sharti hilo, kwa sababu ndilo linalopuuzwa mara nyingi.

Mtulinga wa paka, ulio baina ya shingo na bega, ni mfupa mdogo mno ambao haukuungana na mifupa mingine, na ndiyo sababu mahali panapopita kichwa chake, aghalabu na mwili hupita. Paka anajua hivyo, na mwendo wake wote juu ya mapaa na baina ya nondo za madirisha hutegemea ujuzi huo. Tukishamvisha kola, tumemwongezea kitu ambacho hakimo katika hesabu yake. Ncha ya bati, msumari uliochomoza, waya wa antena au tawi la mwembe huingia chini ya ule ukanda, naye badala ya kutulia hurudi nyuma na kujipindua kwa nguvu zake zote. Hapa Mji Mkongwe, ambako magari hayaingii katika vichochoro vingi na paka hupita juu kwa juu kutoka paa hadi paa, hatari hiyo ni kubwa kuliko ile ya barabarani ambayo watu huifikiria kwanza.

Ipo hatari nyingine isiyojulikana sana, nayo huja taratibu. Paka anapojaribu kuivua kola, huweza kupitisha mguu wa mbele ndani yake, na kola ikabaki imekaa mshazari kutoka shingoni hadi kwapani. Kila hatua anayopiga humsugua, ngozi hukatika, na kidonda cha kwapa ni kizito kupona kwa sababu sehemu hiyo haitulii. Wengine huhitaji kushonwa zaidi ya mara moja. Wengine hunaswa utaya wa chini wanapojiramba. Jambo linalowashangaza wafugaji ni kwamba madhara haya hutokana zaidi na kola iliyolegea kuliko iliyobana. Mtu humhurumia paka wake, akaiacha kola pana ili asikabwe, na huruma hiyo ndiyo inayoufungulia mguu njia. Kipimo ni vidole viwili baina ya kola na shingo. Kwa paka mchanga kipimo hicho kirudiwe kila wiki, maana shingo hukua na kola haikui. Kola ya lastiki, inayouzwa kama suluhisho, mimi siipendekezi, kwa kuwa kinachovutika kukiachia kichwa huvutika pia kuupokea mguu.

Je, ajali hizi ni nyingi kiasi gani? Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliofanywa Marekani, ambapo paka 538 walivishwa kola za aina tatu na kufuatiliwa kwa miezi 6. Paka 391 walizivaa hadi mwisho. Waliopata mkasa wa kunaswa, ama mguu, ama mdomo, ama kola yenyewe kukwama kwenye kitu, walikuwa 18, yaani zaidi kidogo ya 3 katika kila 100. Wanaotetea kola huitaja takwimu hiyo kama ushahidi wa usalama, na wanaoipinga huitaja kama ushahidi wa hatari. Mimi naisoma hivi: paka wengi huizoea kola, kinyume na wasemavyo watu, lakini miezi 6 si umri wa paka, na atakayevaa kola kwa miaka 10 anahitaji kola iliyotengenezwa kwa kukubali kwamba siku moja atakwama.

Katika jambo hili tunayo pia rejea iliyo karibu nasi kuliko utafiti wa Marekani. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari, kutoka kwa Abu Bashir al-Ansari, kwamba Mtume (S.A.W.) akiwa safarini alimtuma mjumbe atangaze kuwa usibaki mkufu wa uzi wa upinde katika shingo ya ngamia ila ukatwe. Wanachuoni walikhitalifiana juu ya sababu yake. Imam Malik aliona kwamba ni kwa ajili ya jicho la husuda, kwani watu walizifunga nyuzi hizo kama kinga. Muhammad bin al-Hasan, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alisema ni kwa kuchelea mnyama asikabwe. Sikuja hapa kutoa fatwa, na wenye elimu hiyo wamo humu ukumbini, lakini kwa daktari wa mifugo tafsiri hii ya pili inaeleza hasa kinachotokea. Uzi haufunguki. Hivyo zile tepe za zawadi na vipande vya kamba ambavyo watoto huwafunga vitoto vya paka nawaomba wazazi wavikate leo leo mkirudi nyumbani, kabla hata hatujaendelea na habari ya kola za dukani.

Wenzetu wa Uingereza wana hoja ya ndege, ambayo kwao ina uzito mkubwa. Utafiti wa Shirika la Kifalme la Kulinda Ndege uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kengele ilipunguza ndege walioletwa nyumbani kwa asilimia 41 na wanyama wadogo, panya wakiwamo, kwa asilimia 34. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Exeter kilifuatilia paka 355 kusini-magharibi mwa Uingereza na hakikuona kengele ikileta tofauti ya maana. Kitambaa cha rangi kali kilichozungushwa kwenye kola kilipunguza ndege kwa asilimia 42, na chakula chenye nyama nyingi kilipunguza mawindo kwa asilimia 36 bila kumvisha paka chochote. Sisi ndege tunayemwona zaidi mjini ni kunguru wa India, aliyeletwa mwishoni mwa karne ya 19, na sijui ni nani atakayemlilia. Isitoshe, anayefuga paka ili amwondolee panya stoo, kisha akamfunga kengele, huenda anampunguzia paka huyo kazi aliyomfugia.

Kwetu faida ya kola ni moja tu, kutambulisha mwenye paka. Yupo atakayesema kwamba chipu, kile kidude cha kielektroniki chenye namba ya utambulisho, imemaliza kazi hiyo. Ni kweli kwamba nchini England, tangu tarehe 10 Juni 2024, kila paka anayefugwa lazima awekewe chipu kabla hajatimiza wiki 20, na mwenyewe asipotii huweza kutozwa faini ya hadi pauni 500. Ni kweli pia kwamba chipu hudumu: katika ule utafiti wa Marekani, paka 478 walipopimwa mwishoni, chipu za 477 zilisomeka. Lakini chipu, ambayo ukubwa wake ni kama punje ya mchele, hukaa chini ya ngozi na husomwa kwa kifaa maalumu tu. Jirani wa mtaa wa Malindi au Shangani aliyemwona paka wako akichechemea barazani kwake hana kifaa hicho. Anachomiliki ni simu. Kwa hiyo namba yako iandikwe au idariziwe juu ya kola yenyewe, isining'inie kwenye kibati kinachoweza kunasa mahali.

Kabla ya kumvisha, ivute kola kwa mikono yako. Kifungo kisipoachia kwa nguvu ya paka, irudishe dukani. Ikipotea baada ya mwezi, usihesabu kuwa umepata hasara, maana huenda imeanguka pale pale ambapo paka angebaki ananing'inia. Na kola ya dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa mbwa asivishwe paka kamwe, kwani permethrini, inayopatikana katika baadhi ya dawa za mbwa, ni sumu kwake.

Wamebaki paka wa mtaani, wanaolishwa na wengi na wasio na mwenyewe. Hao wasivishwe kola, hata ya kufunguka, kwa sababu hakuna atakayeipima wala kuitazama. Alama yao ni ncha ya sikio inayokatwa wakiwa wamelazwa usingizi wa dawa siku ya kuhasiwa, nayo huonekana kutoka mbali bila mtu kuwashika. Paka wa namna hiyo akihamia barazani kwako nawe ukataka awe wako, mlete kwanza achunguzwe na achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa; habari ya kola yake tutaizungumza siku hiyo.