Nani Amechorwa Ukutani mwa Kanisa?

(Mhadhara kwa wazee wa kanisa, makatekista na wajumbe wa kamati za ujenzi, umeandikwa kama ulivyotolewa.)

Bwana Yesu asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo! (Wasikilizaji wanaitikia.)

Nimetoa salamu zote mbili maana naona humu wamo Walutheri, Waanglikana na Wakatoliki, na picha ni jambo lililowagombanisha vibaya sana wakubwa wenu kule Ulaya. Leo tumeketi chumba kimoja, tunakunywa chai moja. Tuitumie nafasi hiyo.

Nilipewa mada pana, "Sanaa katika ibada". Nimeipunguza. Kwaya na ngoma zina watetezi wa kutosha humu ndani, sitazigusa. Nitasema juu ya ukuta. Ule wa mbele, ambao mwumini anautazama kila Jumapili kwa saa mbili, na mahubiri yakirefuka, tatu. (Kicheko.)

Wajumbe wa kamati za ujenzi mnajua inavyokuwa. Changizo la kwanza linaingia kwenye msingi, la pili kwenye bati, la tatu madirisha na vipaza sauti. Mwishoni kabisa, kwenye karatasi ya bajeti, panaandikwa "mapambo". Kilichobaki ni kidogo, basi kijana anatumwa mjini na picha kwenye simu, anachapisha bango, linatundikwa nyuma ya madhabahu. Picha yenyewe mnaijua: Yesu ametazama pembeni, nywele za kahawia zimemwagika mabegani, mwanga unamwangukia kwenye paji la uso. Wengi wenu mnayo sebuleni.

Picha ile ina mwenyewe. Ni Warner Sallman, mchoraji wa Chicago, Marekani. Mwaka 1924 aliichora kwanza kwa mkaa, kwa ajili ya jarida la dhehebu lake, akaja kuipaka rangi za mafuta mwaka 1940. Wakati wa Vita Kuu ya Pili askari wa Marekani waligawiwa nakala ndogo za kutia mfukoni, na tangu hapo nakala zake zimehesabiwa kwa mamia ya mamilioni. Mimi sina ugomvi na Sallman. Dhehebu lake lilimhitaji, akawachorea watu wake Yesu waliyeweza kumtambua. Alifanya kazi yake. Swali ni kwa nini sisi, wenye wachoraji na wachongaji wetu mitaani, tumeipokea kazi yake kana kwamba ni picha ya pasipoti.

Kabla sijaendelea, najua kuna mzee ana Kutoka 20 mkononi: usijifanyie sanamu ya kuchonga. Ni kweli, imeandikwa. Sasa mzee wangu, fungua kitabu hicho hicho, sura ya 31. Mungu anamtaja fundi kwa jina, Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, anasema amemjaza roho yake apate kufanya kazi ya dhahabu, fedha, shaba, kuchora vito na kuchonga miti. Anampa na msaidizi, Oholiabu wa kabila la Dani. Na sura ya 25 imeshaagiza makerubi wa dhahabu juu ya sanduku la agano. Kwa hiyo Kutoka haikatazi mkono wa fundi. Inakataza kuisujudia kazi ya mkono huo. Walutheri mnaweza kuongeza la kwenu: mwaka 1522 watu walipoanza kuvunja picha makanisani Wittenberg, Ujerumani, Luther aliondoka mafichoni akarudi mjini, akahubiri siku nane mfululizo kuwatuliza. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulisema wazi kwamba Kanisa halina mtindo mmoja wa sanaa linaouita wa kwake. Hapo hatuna cha kugombania.

Sasa twende Murang'a, Kenya. Hapa nitakaa kidogo.

Murang'a, enzi zile ikiitwa Fort Hall, lipo kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo. Lilijengwa kuwa kumbukumbu ya Wakristo wa Kikikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau kwa kukataa kula kiapo cha wapiganaji hao wa kupinga ukoloni. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kuta zake zilikabidhiwa kijana aliyesomea uchoraji Makerere, Elimo Njau, Mchaga wa Marangu. Wamarangu mliomo humu, inueni vichwa. (Makofi.) Alichora matukio matano: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Yesu ni Mwafrika. Bethlehemu iko kwenye vilima vya Wakikuyu.

Msikimbilie kusema, "Ahaa, amemfanya Yesu mweusi." Hilo ni dogo. Tazameni ni lini na ni wapi. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, ikaondolewa Januari 1960. Katika miaka hiyo serikali ya kikoloni ilinyonga watu zaidi ya elfu moja. Vijiji vilihamishwa kwa nguvu, vikazungushiwa uzio, maelfu kwa maelfu wakatiwa kambini. Na nyumba zilikuwa zimegawanyika katikati: huyu ameuawa kwa kukataa kiapo, ndugu yake wa tumbo moja yuko kizuizini kwa kukila. Ndani ya hali hiyo unamchora Mwafrika mwenzao akikamatwa usiku bustanini na watu wenye silaha. Nani katika ibada ile hakuwa na mtu wake aliyechukuliwa usiku? Mjane wa aliyekataa kiapo anamwona mumewe. Mama wa aliyeko kambini anamwona mwanawe. Mhubiri angesema hivyo kwa maneno, upande mmoja ungetoka nje. Ukuta uliwaweka wote mbele ya Yesu mmoja, na hakuna aliyeulizwa yuko upande gani.

Hayo ni maoni yangu, sikuyatoa kwenye kumbukumbu za kanisa. Lakini nenda ukaketi pale uone kama utafikiri vingine.

Njau baadaye alianzisha jumba la sanaa la Kibo huko kwao Marangu, na mwaka 1965, pamoja na wenzake, Paa ya Paa jijini Nairobi. Kauli yake inayojulikana zaidi ni fupi: usinakili, kunakili humlaza Mungu usingizi. Mngeibandika ofisini kwa kamati ya ujenzi. (Kicheko.)

Bujora, karibu na Mwanza, kazi ilikwenda kwa njia nyingine. Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, alijenga kanisa linalochukua umbo na alama za utemi wa Wasukuma, na kandoni pakakua makumbusho ya mila za watu hao. Mnanipenda Wasukuma lakini sina muda. Nataka mshike jambo moja tu: sikukuu ya ngoma ya Bulabo. Aliiunganisha na Sikukuu ya Ekaristi Takatifu, mwezi Juni, vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu wakaja kushindana viwanjani. Mtu ambaye hajabatizwa anakwenda Bujora kushabikia ngoma yake, na akifika anakuta nyumba ya Mungu imejengwa kwa lugha ya macho anayoielewa tangu utoto.

Na Zanzibar? Mkunazini, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na Waanglikana wakajenga kanisa kuu palepale. Ndani mna msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, Zambia, ule ambao moyo wa mmisionari David Livingstone ulizikwa chini yake. Lakini kazi ninayoipenda iko uani. Ni kundi la sanamu la Clara Sörnäs, mchongaji wa Sweden, la miaka ya 1990: watu watano wamesimama ndani ya shimo, minyororo shingoni. Kuwekwa uani ni uamuzi wa busara. Jirani Mwislamu, ambaye mababu zake wanaweza kuwa walipita sokoni pale kwa upande wowote, anaweza kulisogelea bila kuingia katika ibada isiyo yake. Linalonisikitisha ni kwamba watalii wanalijua kuliko watoto wetu wa kipaimara. Ni jumuiya ngapi za bara zimewahi kupanga safari kwenda kulitazama?

Mnaotaka kuanza, nawapa ya kufanya, kwa haraka maana mwenyekiti ananitazama. Fedha ya mchoraji iwekeni kwenye bajeti siku ile ile ya msingi, hata ikiwa ndogo, na muandikiane mkataba. Msimwambie "fanya kwa ajili ya Bwana" wakati fundi bati mmemlipa. Mleteni mapema, aketi na jumuiya, wazee na akina mama, asikie hapa watu wanalia nini na wanashukuru nini. Kisha mwacheni afanye kazi. Kamati ikipiga kura juu ya pua ya Petro, mtapata pua isiyo ya mtu yeyote. Na kagueni ukuta: kama unavuta unyevu kutoka chini au paa linavuja, rangi itabambuka kabla hamjamaliza shukrani. Tengenezeni hilo kwanza.

Kama hamna uwezo wa ukuta, anzeni na kitambaa cha madhabahu. Akina mama wanaodarizi mnao tayari.

Mzee wa Kutoka 20 bado ameshika Biblia yake, na amenyoosha mkono. Mpeni kipaza sauti.